Mwaka wa Pili Bila Samadi



Kila mwezi wa Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili, redio na magazeti husoma namba ya waliofaulu. Ni namba ya kufurahisha. Katika upimaji wa mwaka 2023, takriban asilimia 83 ya watoto wa darasa la nne na asilimia 85 ya wanafunzi wa kidato cha pili walipata ufaulu wa kuwawezesha kuendelea. Leo, wapendwa wasomaji, tunaomba tuitazame ile namba isiyosomwa redioni. Ukiwatoa hao waliofaulu, wanabaki watoto zaidi ya laki mbili wa darasa la nne na vijana takriban laki moja wa kidato cha pili. Hao ndio wanaoambiwa wakariri: wabaki walipokuwa, waanze upya yale yale.

Sisi tuliotoka Kibimba, wilayani Ngara, tunawafahamu watoto hao. Ni wadogo zetu. Tunawakuta nyumbani tunapokwenda likizo, tunatumikia nao misa kigangoni, tunaimba nao kwaya. Na tunajua kwamba wengi wao, wakishabakishwa mara moja, ni suala la muda tu kabla hawajaacha shule kabisa. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana anasimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anamwombea mwaka mmoja zaidi. Lakini tuangalie vizuri: haombi mwaka mtupu. Anaahidi kuuchimbia pembeni na kuutia samadi, kisha ndipo ionekane kama utazaa. Watu wa Ngara tunaokula ndizi tunalielewa jambo hilo bila kuhubiriwa. Mgomba ulio karibu na nyumba, unaopata majivu na samadi ya ng'ombe, hauwi sawa na ule wa pembezoni, hata kama vyote viwili vilipandwa siku moja. Huwezi kuuambia mgomba wa pembezoni urudie mwaka.

Hoja yetu ni hiyo. Mwaka wa kukariri, kama unavyotolewa katika shule zetu nyingi, ni mwaka mmoja zaidi bila samadi. Na samadi ikipatikana mapema, mara nyingi mwaka huo wa ziada hauhitajiki.

Wanaotetea kukariri wana sababu

Tusiwahukumu haraka walimu. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani, akiona mmoja wa darasa la nne hawezi kusoma aya moja ya Kiswahili, anajiuliza kwa dhamiri njema: nikimpeleka darasa la tano atafanya nini huko? Mzazi naye anauliza hivyo hivyo. Wapo wazazi wanaokwenda wenyewe kwa mwalimu mkuu na kuomba mtoto abaki, kwa sababu wanaona daftari halina kitu.

Tena nchi yetu ilikwisha kuionja njia ya pili, ile ya kuwapandisha wote. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kizuizi cha kidato cha pili kiliondolewa, wanafunzi wakawa wanaendelea kidato cha tatu hata kama wameshindwa. Kundi lililopita kidato cha pili kwa njia hiyo mwaka 2010 ndilo lililofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, lakini wazee wengi walisema: mnavuna mlichopanda, mliwapitisha bila kuwafundisha. Kizuizi cha kidato cha pili kilikuwa kimekwisha kurudishwa mwaka 2012.

Kwa hiyo hatuandiki ili kutetea kupandisha watoto ovyo. Majirani zetu wa Uganda, tangu walipoanza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, walichagua kuwapandisha. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilikataza kabisa kumbakisha mtoto darasani. Sheria za namna hiyo zinamlinda mtoto asipoteze mwaka, na hilo ni jema. Lakini mtoto asiyejua kusoma akipandishwa bila kufundishwa kusoma, amehamishwa tu kutoka dawati moja kwenda jingine. Kumbakisha bila msaada na kumpandisha bila msaada ni njia mbili za kumwacha peke yake.

Kukariri kunazaa nini

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Kukariri ni kurudia darasa, na kukariri ni kumeza maneno ya daftari bila kuyaelewa. Tunadhani lugha imeona kitu hapo. Mtoto anayekariri darasa anakutana na kitabu kile kile na mifano ile ile ubaoni, mara nyingi kwa mwalimu yule yule mwenye umati ule ule. Yale aliyoyajua anayasikia tena mpaka anachoka. Yale ambayo hakuyaelewa anafundishwa kwa namna ile ile iliyomshinda mwaka jana. Anachoweza kufanya ni kuyakariri kwa maana ya pili.

Mtaalamu wa elimu John Hattie, katika kitabu chake Visible Learning cha mwaka 2009, alikusanya matokeo ya maelfu ya tafiti juu ya mambo yanayosaidia na yasiyosaidia wanafunzi. Mengi sana yalionekana kusaidia angalau kidogo. Kurudia darasa kulikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyoonekana kumrudisha mwanafunzi nyuma. Nasi hatuhitaji kwenda mbali kuona. Ng'ambo ya mpaka, Burundi kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaorudia madarasa. Ingekuwa kurudia ni dawa, majirani zetu wangekuwa wamepona zamani.

Halafu kuna jeraha lisiloonekana kwenye orodha ya alama. Mtoto anakaa dawati moja na mdogo wake. Wenzake wanamwita kilaza. Mwaka unaofuata anaulizwa swali na hanyooshi mkono, hata kama jibu analo. Na umri unakwenda. Msichana aliyekariri darasa la nne na tena kidato cha pili anafika miaka kumi na saba au kumi na minane akiwa bado kidato cha pili. Nyumbani wanaanza kuhesabu: daftari, sare, michango, na mchumba aliyekwisha kuonekana. Kijana wa kiume naye anasikia kwamba wenzake wako machimboni Biharamulo au Geita, au wamepata pikipiki ya kuendesha. Hakuna anayemfukuza shule. Anaacha mwenyewe, na sisi tunasema hakupenda shule.

Kwa kidato cha pili mambo ni mazito zaidi, kwa sababu utaratibu uliozoeleka ni kukariri mara moja tu. Ukishindwa tena, unatoka katika mfumo rasmi. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima ni miaka kumi. Kama miaka kumi ni ya lazima, basi ni wajibu wetu kuuliza tunamfikishaje huko yule aliyekwama mwaka wa nane.

Tena tuangalie mbele kidogo. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Shule za sekondari za kata zitajaa kuliko tulivyowahi kuona. Miaka miwili baadaye umati huo utafika kwenye upimaji wa kidato cha pili. Tukiendelea na mtindo wa sasa, watakaobakishwa watakuwa wengi mno, na madawati ya kuwabakisha hayatakuwepo.

Ugonjwa uko wapi

Mtoto wa Kibimba anazaliwa katika Kihangaza au Kishubi. Akifika darasa la kwanza anaanza kufundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wanaisikia kanisani na sokoni kuliko jikoni. Kabla hajakaa nayo vizuri, anaanza Kiingereza kama somo. Akifika kidato cha kwanza, Hisabati, Biolojia, Jiografia na Historia vyote vinageuka kuwa Kiingereza kwa siku moja. Katikati ya hapo kuna msimu wa kupanda maharage, kuna mdogo wa kubeba, kuna safari ya mguu kwenda na kurudi.

Tafiti za kwanza za Uwezo, zilizoanza hapa Tanzania mwaka 2010, ziliwaingia watoto majumbani na kuwapa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliweza kuisoma. Tangu hapo yamefanyika mengi mazuri, ukiwemo mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili. Lakini fundisho la Uwezo linabaki: mtoto asiyeweza kusoma anashindwa masomo yote, na bado ugonjwa wake ni mmoja. Karatasi ya matokeo inaonyesha kushindwa mara sita. Chanzo ni kimoja.

Kumrudisha mtoto huyo mwaka mzima kwa masomo yote ni kama kumlaza mgonjwa wodini miezi kumi na mbili bila kumpima. Zahanati yoyote hapa kwetu inaanza na kipimo.

Falsafa inatuambia nini

Sisi tunaosoma falsafa tumekutana na darasa moja maarufu sana, lililo katika mjadala wa Plato uitwao Meno. Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kusoma jometria. Anamchorea mraba wenye upande wa futi mbili na kumwuliza: mraba wenye eneo mara mbili ya huu utakuwa na upande gani? Kijana anajibu nne. Amekosea, eneo linakuwa mara nne. Anajaribu tena, tatu. Amekosea tena. Socrates hamwambii arudi mwanzo, wala hamwachi aende na jibu baya. Anabaki pale pale alipokwama, anachora mstari mwingine, anauliza swali jingine, mpaka kijana anaona mwenyewe kwamba jibu liko katika ulalo wa mraba. Kukosea mara mbili kulimwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipojadili kama mwanadamu anaweza kumfundisha mwenzake, alimlinganisha mwalimu na tabibu. Tabibu hatii afya ndani ya mgonjwa kama mtu anayejaza maji kwenye mtungi. Anausaidia mwili ufanye kazi yake wenyewe. Vivyo hivyo mwalimu anaisaidia akili ya mwanafunzi itembee yenyewe kutoka inachokijua hadi isichokijua. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kushindwa kwa mwanafunzi ni habari anayopaswa kuisoma mwalimu kabla ya mtu mwingine yeyote. Dawa haikufanya kazi. Je, tutampa mgonjwa dawa ile ile kwa mwaka wa pili?

Na msimamizi wa mapadre wetu wote wa parokia, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, alikuwa mwanafunzi wa namna hii. Alianza masomo amechelewa, kijana wa shambani, na Kilatini kilimshinda. Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon, na baada ya muda mfupi akarudishwa nyumbani kwa sababu hakuwaelewa walimu waliofundisha kwa Kilatini. Hakuambiwa akariri mwaka katika seminari ile. Padre Balley, paroko wa Écully, alimchukua katika nyumba yake, akamfundisha taratibu, akamweleza teolojia kwa Kifaransa, lugha aliyoielewa. Agosti 1815 Vianney akapewa upadre. Tunapomwomba atuombee, tumkumbuke pia paroko aliyekubali kukaa naye mezani na kitabu.

Njia zilizo mkononi mwetu

Tunapendekeza mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

La kwanza ni kujua mapema. Upimaji wa darasa la nne hufanyika karibu Oktoba, wa kidato cha pili Novemba, na matokeo hutoka Januari. Kumsubiri Januari mtoto aliyeonekana amekwama tangu Machi ni kumkosea. Mwalimu yeyote anaweza kumpima mtoto kusoma kwa dakika tano: silabi, maneno, aya, hadithi. Kipimo hicho kifanyike mwanzoni mwa mwaka, na kirudiwe kabla ya likizo ya Juni.

La pili ni kuwapanga watoto kwa kile wanachokijua, walau saa moja kwa siku. Anayeishia kwenye silabi akae na wenzake wa silabi, awe wa darasa la tatu au la tano. Saa ikiisha kila mmoja arudi darasani kwake. Shirika la Pratham la India lilianzisha njia hii, na wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliotunukiwa Nobel mwaka 2019, walishiriki kuipima. Walikuta watoto wanapiga hatua kubwa katika muda mfupi, hata pale wanapofundishwa na watu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi. Zambia, jirani yetu, wameipeleka katika shule nyingi za msingi chini ya mpango uitwao Catch Up.

La tatu ni kutibu somo lililougua, na kuyaacha mengine yaendelee. Chuo kikuu mwanafunzi akishindwa somo moja anafanya sapu. Hata sisi seminarini, aliyeanguka katika Mantiki anapewa nafasi ya kurudia mtihani wa Mantiki, na haambiwi arudie Historia ya Falsafa aliyoifaulu. Ikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano anahurumiwa hivyo, kwa nini mtoto wa miaka kumi atendewe kwa ukali zaidi? Kwa mitihani ya ndani ya shule, hili linaweza kuanza hata muhula ujao.

La nne ni kujenga daraja la lugha. Wiki chache za Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza ni mwanzo tu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili anahitaji msaada wa lugha mwaka mzima: orodha ya maneno ya kila mada, ruhusa ya kuuliza kwa Kiswahili asichokielewa, na vitabu vyepesi vya kusoma. Wengi walioandikiwa kwamba wameshindwa Biolojia wameshindwa Kiingereza.

La tano: pale ambapo kurudia mwaka hakuepukiki, kuwe na samadi. Mtoto aliyeugua miezi sita, au aliyekuwa na familia inayohamahama, huenda kweli akahitaji mwaka. Basi mzazi aitwe, mtoto asikilizwe, na iandikwe karatasi moja inayosema mwaka huu nini kitafanyika tofauti, nani atakifanya, na lini kitapimwa. Shule isiyoweza kuandika karatasi hiyo haina sababu ya kumbakisha.

Shule za Kanisa zianze

Hapa tunaomba tusemeshane kama watu wa nyumba moja. Baadhi ya shule binafsi, na za Kanisa zimo, zimejijengea sifa kwa kuweka wastani wa shule. Asiyeufikia anakariri, au mzazi anashauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Mwisho wa mwaka shule inatokea juu kwenye orodha, na tunatoa shukrani kwenye misa. Lakini tujiulize: shule iliyochuja watahiniwa kabla ya mtihani imefundisha nini, na imechagua nini? Serikali imekwisha kuzikataza shule binafsi zaidi ya mara moja kukaririsha au kuondoa wanafunzi kwa kigezo cha wastani wa shule peke yake. Isingefaa Kanisa liwe la kukumbushwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, uliwasihi wachungaji na waamini wahakikishe kwamba shule za Kikatoliki zinawajali hasa walio maskini na waliokosa msaada wa familia. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha katika shule za Kanisa Tabora na Pugu, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kuonya juu ya elimu inayowaandaa wachache wanaofaulu na kuwasahau walio wengi. Hawa wawili wanakutana mahali pamoja: shule inapimwa kwa namna inavyomtendea anayechelewa.

Tunajua kuna ugumu katika seminari ndogo, kwa sababu huko malezi yanaelekea upadre na masomo ni sehemu ya malezi. Bado kuna tofauti kati ya kumwambia kijana kwamba njia yake huenda ni nyingine, baada ya kumsaidia kwa kila namna, na kumtoa kwa sababu ya pointi mbili chini ya wastani.

Nani atafanya kazi hii

Tutaambiwa walimu wamechoka. Ni kweli, na hatutaki kuwaongezea mzigo bila kuwapa mikono. Lakini tuhesabu mikono iliyopo parokiani. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne Novemba, wanaokaa nyumbani wakisubiri matokeo, na watakaochaguliwa hawaendi kidato cha tano mpaka Julai. Kuna walimu wastaafu katika jumuiya ndogo ndogo. Kuna makatekista ambao wamefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi kwa kutumia katekisimu peke yake. Kuna VIWAWA, kuna TYCS, kuna WAWATA wenye uzoefu wa kupika uji wa watu mia. Kuna kanisa la kigango ambalo Jumatatu hadi Ijumaa linakaa tupu, na lina mabenchi. Na kuna sisi, mafrateri, tunaorudi nyumbani likizo na kuulizwa tumejifunza nini huko.

Ada isiwepo. Masomo haya yakigeuka tuisheni ya kulipia, yatawafikia watoto wale wale wasioyahitaji sana. Yafanyike kwa makubaliano na walimu wakuu, ili mtoto asifundishwe kitu kimoja shuleni na kingine kanisani. Yawe wazi kwa watoto wa dini zote, kwa sababu silabi hazina dhehebu. Na kwa usalama wa watoto, yafanyike mahali pa wazi, mchana, wakiwepo watu wazima wawili au zaidi. Wiki nne za likizo, saa mbili kwa siku, siku tano kwa juma, ni saa arobaini. Kwa mtoto aliyekwama kwenye silabi, saa arobaini katika kundi la watoto kumi ni nyingi kuliko anazopata kwa mwaka mzima akiwa mmoja kati ya themanini.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa halmashauri za walei, hasa za vigango vyetu vya Ngara na Biharamulo. Katika kikao kijacho, pamoja na ajenda ya zaka na ujenzi, wekeni ajenda moja: watoto wangapi wa jumuiya zetu wamekariri mwaka huu, na ni akina nani. Majina hayo kila jumuiya inayajua. Baada ya hapo ongeeni na mwalimu mkuu kabla ya likizo ya Juni.

Kwa ndugu zetu waseminari ombi ni fupi zaidi. Tunapofunga mizigo ya likizo, tuweke na vitabu viwili vitatu vya hadithi za watoto. Tukifika, tuwatafute wale waliobakishwa, tukae nao benchini, tuwaulize wasome mstari mmoja. Pale watakaposimama, ndipo pa kuanza kuchimba.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.